"Denn" na "weil" zote ni "kwa sababu", lakini kitenzi hakikai mahali pamoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, najiandaa na mtihani wa Kijerumani wa B1, yaani ngazi ya kati. Kwenye tuisheni tuliambiwa kiunganishi chochote kinapeleka kitenzi mwisho wa sentensi. Nikaandika "Ich lerne Deutsch, denn ich in Deutschland arbeiten möchte" (najifunza Kijerumani kwa sababu nataka kufanya kazi Ujerumani) na "Weil ich krank bin, ich bleibe zu Hause" (kwa sababu naumwa, nabaki nyumbani). Zote nimekatwa alama. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umeponzwa na neno "chochote", na huyo aliyekufundisha nakutana na wanafunzi wake kila muhula.

Tafsiri haikwambii kitenzi kikae wapi. Denn ni ndugu wa und (na), aber (lakini), oder (au) na sondern (bali): vinaunganisha vishazi viwili huru na mpangilio haviugusi kabisa. Kwa hiyo: denn ich möchte in Deutschland arbeiten. Weil yuko upande wa dass (kwamba), obwohl (ingawa), wenn (ikiwa), ob (iwapo) na damit (ili), vinavyofanya kishazi kiwe tegemezi. Humo kitenzi kinachobeba nafsi, yaani kinachobadilika kufuata mtendaji, hukaa nyuma ya vyote, hata nyuma ya kitenzi mwenzake: weil ich in Deutschland arbeiten möchte. Ukiandika "weil ich möchte arbeiten", umekosa. Na kitenzi kinachokatika, kama aufstehen (kuamka) kwenye ich stehe um fünf auf, hurudi kuwa neno moja: weil ich um fünf aufstehe.

Sasa sentensi yako ya pili. Uliambiwa mwisho wa sentensi. Ni mwisho wa kishazi, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuangusha. Bin umeiweka vizuri. Lakini maneno yote manne, weil ich krank bin, yamekalia kiti kimoja tu, cha kwanza. Kiti cha pili katika kishazi kikuu ni cha kitenzi, hakina mjadala. Baada ya mkato kinafuata kitenzi papo hapo: Weil ich krank bin, bleibe ich zu Hause. Vitenzi viwili vinatazamana, mkato katikati. Ukiviona hivyo kwenye karatasi yako, tulia, uko sawa.

Deshalb (kwa hiyo) na trotzdem (hata hivyo) ndizo zinazoniumiza zaidi, maana zinauzwa kwenye orodha zilezile za "viunganishi". Hizi ni vielezi. Zinakaa kiti cha kwanza zenyewe: Ich bin krank, deshalb bleibe ich zu Hause. Wanaokariri orodha huandika "deshalb ich zu Hause bleibe", na wanaandika kwa kujiamini kabisa.

Orodha hizo zinasambazwa kwenye simu pamoja na "sentensi 50 za kufaulu B1", na watu wanazilipia. Wengine hujitetea kwamba Wajerumani wenyewe husema "weil ich hab keine Zeit" (kwa sababu sina muda). Ni kweli, wakiongea husema. Kwenye barua ya mtihani ni kosa, na ripoti ya mgonjwa utakayoiandika wodini huko hakuna aliyekukaririsha. Msahihishaji huitambua sentensi ya kukaririwa mara moja, kwa sababu inayoifuata imeandikwa na mtu mwingine kabisa.

Chukua barua yako ya mwisho. Pigia mstari kila kitenzi chenye nafsi, kisha uliza neno lililofungua kishazi hicho ni la kundi lipi kati ya haya matatu. Kwenye mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, sehemu ya kuandika ni dakika 60 kwa kazi tatu. Acha dakika kumi za kufanya hivyo hivyo.