Lenzi ya kuchukua nafasi ya 18-55mm kwenye kamera ya Nikon D5300

Kaka, kwa harusi za ukumbini tafuta Sigma 17-50mm f/2.8 OS (OS ni kituliza mtikisiko) iliyotumika. Naipigia kazi hapa Dodoma. Ukivuta (zoom) hadi 50mm inabaki f/2.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la mwanga, ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), wakati 18-55 yako hapo imeshafika f/5.6, maana yake Sigma inapitisha mwanga mara nne. Maharusi wakiingia taa zimefifishwa, utaona tofauti palepale.

Tamron 17-50mm f/2.8 nayo ni kali, na mara nyingi bei yake iko chini. Ila kabla hujatoa hela igeuze, uangalie chuma cha kufungia nyuma. Ukiona kichwa kidogo chenye mfereji kama cha skrubu, iache. Hilo ni toleo la zamani lisilo na mota ya kufokasi, na D5300 haina mota ndani ya bodi, kwa hiyo utakuwa unafokasi kwa mkono sherehe nzima.

Zote mbili hazijazibwa dhidi ya vumbi. Kwa upepo wetu wa Julai na Agosti, weka filta mbele (Sigma ni ya 77mm) na usibadilishe lenzi nje.