Jibu: Mbegu za Callirhoe hazichipui

Habari dada. Umesema ulipanda mbegu za Callirhoe involucrata (ua liitwalo winecup kwa Kiingereza) kwenye vyungu hapo Dallas mwezi wa nne, unamwagilia kila siku, na hadi leo hakuna hata moja iliyochipua.

Kabla hujamlaumu muuzaji, fukua mbegu mbili tatu uziminye kwa ukucha. Zikiwa bado ngumu kama kokoto, huenda ni nzima, ila maji hayajapenya. Ua hili ni la ukoo mmoja na bamia na pamba, lakini ganda la mbegu yake lina ubishi kuliko bamia. Mimi huzisugua taratibu kwenye msasa mpaka ganda la juu lianze kukwaruzika, halafu naziloweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba napanda, zisizovimba zinarudi kwenye msasa.

Zikiwa laini na zinanuka, zimeoza. Hapo punguza maji. Huu ni mmea wa nyika kavu za katikati ya Marekani.

Njia ya mvivu (ndiyo naipenda) ni kuzipanda ardhini mwezi wa kumi na kuiachia baridi kazi. Chagua kabisa mahali pa kudumu, penye jua kutwa, maana mzizi wake mkuu ni mnene, huzama sana, na haupendi kuhamishwa. Mwaka wa kwanza unaweza kupata majani tu bila ua, usiung'oe.

Udongo wa kwako sijui ni mfinyanzi au kichanga. Tupia picha, na utuoneshe matundu ya chini ya hivyo vyungu.