Maswali na majibu: Viungo vya kununua, ratiba za kunakili na tovuti zisizoonekana

Shikamoo. Nimepata kijana anayeniuzia viungo 500 (links za kubofya kwenye tovuti za wengine) vya kuja kwenye tovuti yangu kwa shilingi 200,000. Ninunue? Kampuni ya safari, Sakina, Arusha.

Marahaba. Usinunue. Google ilianza kuvibana viungo vya namna hiyo Aprili 2012, kwa badiliko lililoitwa Penguin, na leo mitambo yake huvitambua vingi na kuvipuuza. Ukiwa na bahati, laki mbili zako zimepotea tu. Ukikosa bahati, mkaguzi wao atakuwekea adhabu, na taarifa yake utaikuta ndani ya Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake kwenye utafutaji. Hapo itabidi uwaandikie wenye tovuti zile mmoja mmoja waviondoe, vinavyobaki uvikane kwa faili maalumu, kisha uombe ukaguzi upya. Huku msimu wa Juni hadi Oktoba unakupita.

Viungo halali mnavyo karibu na hamviombi. Loji unayolaza wageni Karatu ina ukurasa wa washirika? Omba uwekwe. Kama ni mwanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii Tanzania, kagua kama jina lako kwenye orodha yao linafungua tovuti sahihi. Ninyi wa mlimani, watunzeni wapagazi kwa viwango vya KPAP, mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro pale Moshi, nao wana orodha ya kampuni washirika. Na ukilipia tangazo kwenye blogu ya mtu, kiungo kiwekewe kwenye msimbo alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kuwa kimelipiwa. Hapo huna kosa.

Nifanyeje tovuti yangu iwe ya kwanza Google? Njiro.

Ya kwanza kwa maneno gani? Tafadhalini, mkiuliza hili tajeni maneno ambayo mteja anaandika. Nafasi ya kwanza haiuzwi, na hata matangazo ya kulipia hayapandishi matokeo ya kawaida. Anayekuhakikishia nafasi hiyo anakuibia.

Tovuti yetu ina miezi mitatu na haitokei hata tukiandika jina lake. Nyumba ya wageni, Shanty Town, Moshi.

Andika kwenye Google site: na anwani yako, bila kuacha nafasi katikati. Usipoona ukurasa hata mmoja, anza kumshuku fundi. Kama tovuti imejengwa kwa programu ya WordPress, fungua Settings, kisha Reading, utazame kile kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji. Wakati wa ujenzi huwekwa tiki, halafu husahaulika. Itoe. Kisha jisajili Search Console, ambayo ni bure, wasilisha sitemap.xml, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako, na uombe ukurasa wa mwanzo uorodheshwe.

Msiguse robots.txt, faili la maagizo kwa roboti (programu ya Google inayosoma tovuti), mkidhani inaficha kurasa. Inaizuia roboti kusoma ukurasa tu. Anwani bado inaweza kutokea kwenye matokeo ikiwa tovuti nyingine zimeiunganisha. Kuficha ni kazi ya noindex, alama ya ndani ya ukurasa inayokataza usiorodheshwe, na roboti lazima iruhusiwe kusoma ukurasa ndipo iione.

Nyumba ya wageni pia ifungue wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google. Jina liwe lile la kwenye kibao cha nje. Kuongeza "hoteli nafuu Moshi mjini" ni kuvunja masharti, na wasifu unaweza kusimamishwa.

Je, naruhusiwa kuchukua ratiba ya kampuni nyingine ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame nikaipitisha kwenye akili bandia ibadilishe maneno? Kijenge.

Hapa ndipo tunapojimaliza wenyewe. Fungua tovuti ishirini za Arusha na Moshi usome: lango la Machame, Shira, Lava Tower, Barranco, kwa sentensi zilezile. Kurasa zikifanana, Google huchagua chache za kuonyesha, na mnakili huachwa. Tangu Machi 2024 masharti yake yanakataza waziwazi kuzalisha kurasa kwa wingi zisizomfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au mashine. Isitoshe, ratiba ile ni jasho la mwenzako.

Una waongozaji wanaoujua mlima. Mketishe mmoja kwa saa nzima, simu ikirekodi. Kwa nini siku 7 na si 6? Kwa sababu ya usiku wa ziada kambi ya Karanga, unaoigawa safari ndefu ya kwenda kambi ya Barafu. Kwa nini mnapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu mnashuka kulala Barranco? Ili mwili uzoee hewa nyepesi. Bei inabeba nini: ada za hifadhi, choo cha kubebeka, oksijeni? Mgeni wa Aprili mnamshauri njia ipi, na kwa nini Rongai? Swali ambalo wageni wamekuuliza mara tatu WhatsApp linastahili kichwa chake kwenye ukurasa. Na zile kurasa za "Kilimanjaro kutoka London" na "kutoka Chicago" zenye maneno yaleyale, zifute leo.

Maneno muhimu ya kwenye meta keywords (sehemu ya msimbo wa ukurasa ambayo msomaji haioni) yawe mangapi? Usa River.

Sifuri. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii.

Picha zetu za Ngorongoro ni nzuri lakini ukurasa unachelewa kufunguka.

Picha kuu inatakiwa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mnapandisha picha ya megabaiti 6 moja kwa moja kutoka kwenye kamera, kisha mnailaumu seva. Ipunguze upana hadi pikseli 1600, igeuze kuwa WebP (aina nyepesi ya faili la picha), ibaki chini ya kilobaiti 200. Andika upana na urefu wake kwenye msimbo ili maandishi yasirukeruke. Picha ya juu kabisa isiwekewe ucheleweshaji wa kupakia (lazy loading). Hilo ni la picha za chini.

Tumehama kutoka .com kwenda .co.tz na wageni wamepotea. Majengo, Moshi.

Bila shaka anwani za zamani hazielekezwi kokote, au zote zinaangukia ukurasa wa mwanzo. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenye mwenzake mpya: wa njia ya Marangu kwa wa Marangu, wa njia ya Lemosho kwa wa Lemosho. Toeni taarifa ya kuhama ndani ya Search Console, na uelekezaji udumu angalau mwaka mzima. Anwani ya .com endeleeni kuilipia. Mkiiacha, mtu mwingine ataichukua pamoja na viungo vyake vyote. Na kabla hamjamlipa fundi salio, hakikisheni anwani zote mbili zimesajiliwa kwa jina la kampuni, kwa barua pepe ambayo nywila yake mnayo ninyi.