Mkienda Vuria na Watoto, Bebeni Masweta

Kaskazi ikishashika Mombasa, kila mtu hutafuta pa kulikimbia joto. Sisi likizo ya Disemba tulikwenda Taita kupanda Vuria: mimi, mume wangu, watoto watatu na mamangu. Wazazi wenzangu wa Pwani, laiti na mimi ningeambiwa hili mapema: mlima haukuwatesa wanangu, baridi ndiyo iliyowatesa.

Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa nyuzi kama 6. Mtu aliyezoea nyuzi 30 za Kisauni, feni usiku kucha, kule juu anakuta 17 au pungufu, na upepo juu yake. Mimi nilijaza maji tele na leso mbili. Masweta yalikuwa yale mepesi ya skuli.

Siku ya kwanza tulichelewa. Tulilala Wundanyi, watoto wakaamka polepole, chai, mahamri, hadi saa nne ndiyo kwanza tunaanza kupanda. Tulipofika kwenye minara ya mawasiliano hatukuona hata mti wa hatua ishirini mbele. Unyevu uleule unaotutoa jasho Mombasa husukumwa na upepo wa bahari hadi Taita, ukikutana na milima hupanda, hupoa, huwa ukungu. Tulikuwa ndani yake. Kitinda mimba wangu, miaka saba, alipumua akapiga ukelele: "Mama, natoa moshi!" Akacheka sana. Nusu saa baadaye vidole vilikuwa vimekakamaa, kikombe cha chai hakishikiki. Nilimfunga leso zote mbili, mamangu akamsugua mikono, tukashuka. Roho iliniuma njia nzima.

Jioni ile nilinunua masweta mazito ya mtumba na soksi, kila mtoto jozi mbili. Kesho yake tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Ndara ziacheni nyumbani kabisa. Udongo wa kule ukilowa umande huteleza, raba yenye meno ndiyo kiatu. Chukueni pia mwenyeji awaongoze, kwa sababu vijia vinagawanyika ovyo kati ya mashamba ya mboga.

Na huyu msimsahau: mwenye magoti mabovu. Tulimtanguliza mamangu, sote tukafuata mwendo wake. Akisimama, tunasimama. Siku iliyotangulia alikuwa nyuma, na kila tulipomngoja akatufikia tulianza kutembea papo hapo. Sisi tulipumzika, yeye hakupumzika hata mara moja. Niligundua hilo usiku aliponiomba nimkande miguu.

Juu kulikuwa kweupe. Chini yetu nyanda za Tsavo zimetanda hadi macho yakachoka, upande wa Mwatate mkonge umepangwa mistari kama jamvi, na mbali, upande wa Tanzania, Kilimanjaro imeelea juu ya mawingu na theluji yake. Watoto walinyamaza wenyewe. Mamangu alikaa kwenye jiwe, sweta hadi kidevuni, chupa ya chai ya tangawizi mapajani, akaniambia nisimsemeshe kwanza.

Saa tatu mlima ulikuwa umeshafunikwa.