Uenyekiti wa kamati MUN: mdogo wangu, kubali

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali unaibu mwenyekiti wa kamati kwenye kongamano la MUN hapa Dar, yaani igizo la vikao vya Umoja wa Mataifa ambapo kila mwanafunzi anakuwa mjumbe wa nchi fulani, na umesema wazi kwamba una aibu, Kiingereza chako ni cha kuungaunga na hujawahi kushika kipaza sauti mbele ya watu. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuongoza kamati kama hiyo: kubali. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu mimi niliingia nikiwa kinyume chako kabisa, na ndiyo maana niliumia.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilishakuwa mjumbe mara mbili, na nilikuwa msemaji hasa. Nikinyanyua kibao cha nchi sikishushi mpaka nipewe nafasi. Waliponikabidhi uenyekiti wa kamati ya Baraza la Usalama nilijua ni kwa ajili ya mdomo wangu.

Maandalizi utayazoea. Ni vikao vya jioni, barua za kuomba ufadhili ambazo nyingi hazijibiwi, kuchapisha vibao Mwenge na kugombania mwendokasi kutoka Kimara ukiwa umevaa suti. Kazi iliyonila usiku ni mwongozo wa mada, yaani maelezo ambayo wajumbe wanayasoma kabla ya mjadala. Tulichagua mashariki ya Kongo kwa makusudi. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, ndilo lililounda brigedi ya kupambana na vikundi vyenye silaha ndani ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, na askari wetu walikwenda pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi. Desemba 2017 tulipokea majeneza kutoka kule Beni. Mtoto wa Dar hawezi kulijadili hilo kama habari ya mbali, na sisi tulitaka wajumbe wasome mpaka waguswe.

Siku ya kwanza nilikaa meza kuu na vibao 15 mbele yangu. Nilikuwa natoa nafasi kwa wale wale wanne au watano, wanaojua kusema, nami nawafurahia kwa sababu walinikumbusha mimi. Pembeni, karibu na dirisha, alikaa binti wa kidato cha tano aliyewakilisha Malta. Hakunyanyua kibao hata mara moja asubuhi nzima. Alikuwa anaandika tu kwenye kaunta buku. Moyoni nikasema huyu hakujiandaa.

Siku ya pili tukafika kwenye kura. Rasimu ya azimio ilikuwa na kifungu cha vikwazo vya madini kilichoandikwa kwa ujumla mno, na mjumbe wa Ufaransa alishakilalamikia. Tukapiga: 11 wamekubali, 3 wamejizuia, mmoja, Ufaransa, amekataa. Nikagonga nyundo nikatangaza kwamba azimio limepita. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wanakumbatiana.

Makofi hayajaisha, mhudumu wa vikaratasi akaniletea kipande kilichochanwa kwenye daftari, kimekunjwa mara nne. Kiliandikwa kwa Kiswahili, penseli, mwandiko mdogo ulionyooka: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba uangalie Ibara ya 27. Ufaransa ni mwanachama wa kudumu. Malta."

Ni ibara ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inayohusu kura za Baraza, na nilijua papo hapo kwamba yuko sahihi. Kura tisa zinatosha endapo hakuna hata mmoja kati ya wale watano, Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China, aliyesema hapana. Ni kitu nilichokifundisha mwenyewe kwenye semina ya wajumbe wiki mbili nyuma! Na nikafanya nini? Nikakiweka kile kikaratasi chini ya faili, nikatangaza mapumziko ya chai.

Dakika zile za chai nazikumbuka kuliko kongamano lote. Nilisimama na kikombe sinywi. Nilijiambia hakuna atakayegundua, ni mashindano ya wanafunzi tu, nikirudi nyuma heshima ya meza kuu imekwisha. Halafu nikamwona yule binti amesimama peke yake na sambusa yake, haniangalii hata kidogo. Angeweza kusimama akasema "kuhusu utaratibu" mbele ya watu wote na angenimaliza. Alinistahi. Nikaona kumnyamazia mtu aliyenistahi namna ile ni dhuluma.

Tuliporudi nikasoma Ibara ya 27 kwa sauti, nikasema nimekosea, azimio halikupita, na aliyeligundua ni mjumbe wa Malta. Kulikuwa na manung'uniko makubwa. Mmoja akauliza kwa hasira inawezekanaje nchi moja izuie kumi na moja. Hapo nikawapa habari ya Dkt. Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wetu wa Tanzania. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaungwa mkono kwa nguvu, lakini Marekani ikamzuia raundi baada ya raundi kwa kura yake ya turufu, yaani ile hapana ya mwanachama wa kudumu, huku China ikimzuia Kurt Waldheim. Mwishowe kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Ukumbi ukatulia. Kura ya turufu waliyoikariri kama kanuni ya mtihani sasa ilikuwa imemgusa mtu wa kwao.

Mchana wakarudi kujadiliana. Angalia hapa: mezani tulitumia Kiingereza, lakini kwenye korido, juu ya sahani za wali maharage, makubaliano yote yalifanyika kwa Kiswahili. Na huko Malta aliongea. Alikaa katikati ya Ufaransa na Msumbiji, anawaandikia kile kifungu upya, neno kwa neno. Rasimu mpya ilipata kura 14, Ufaransa ikajizuia, ikapita. Mwanachama wa kudumu akijizuia hazuii. Ni desturi ya Baraza, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikubali mwaka 1971 kwenye shauri la Namibia. Safari hii niliangalia mara mbili kabla ya kugonga nyundo.

Kuanzia siku ile nina daftari. Kwenye kikao chochote naandika majina ya waliopo na kuweka mstari kila mtu anapoongea. Sasa hivi nafanya kazi ofisini, naongoza timu ndogo, na bado naweka ile mistari. Mwenye jina lisilo na mstari ndiye ninayemfuata kabla kikao hakijafungwa, namuuliza kwa upole, tena faragha. Nikikosea nasema siku hiyo hiyo. Sikuzaliwa hivyo, na mdomo wangu bado ni mrefu, lakini mama yangu mwenyewe aliona mabadiliko kabla sijamweleza chochote.

Kwa hiyo usiogope aibu yako. Wewe tayari unajua mtu mkimya anawaza nini. Kiingereza cha meza kuu ni sentensi zinazojirudia, ukizisema kwa sauti chumbani wiki mbili zitakaa. Soma Sura ya Tano ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa yote, ni fupi. Usikubali kushika na masuala ya chakula au usafiri siku hiyo hiyo, utachanganyikiwa. Na wakikupa Baraza la Usalama, bandika Ibara ya 27 kwenye jalada la faili lako, juu, siyo ndani.

Ukishajibu barua yao niambie umepangiwa kamati gani na mada gani. Nina miongozo yetu ya zamani, nitakutumia.