Kazi ya kujitolea usiifiche: itaje kazini, iandike kwenye CV

Wiki iliyopita msomaji wa Morogoro aliniandikia: "Dada, kila Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu hesabu, bure. Nimeitwa usaili. Nikilitaja hilo si wataniona mtu wa kuhangaika na mambo mengi?" Swali hilo limenigusa penye kidonda, maana maneno ya namna hiyo mimi nimeambiwa mbele ya watu.

Mimi ni mhasibu. Mchana niko na hati za malipo na marejesho ya VAT, usiku nachora ramani. Naingia OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo watu wa kujitolea wamekuwa wakiichora tangu 2004, nachukua kipande cha picha ya setilaiti, labda kijiji fulani cha Mara, nachora kila nyumba ninayoiona. Unabonyeza kona nne za paa, unagusa herufi Q, pembe zinanyooka. Nyumba za bati hazisumbui, zinang'aa. Zinazokula muda ni za msonge, kwa sababu ukiziona kutoka juu utadhani ni vichaka, mpaka utazame kivuli chake na ukague kama kuna njia iliyokanyagwa inayoishia mlangoni. Ukimaliza, mtu mwingine usiyemjua anahakiki ulichochora.

Nilianza mwaka 2015, watu wa mradi wa Ramani Huria walipoanza kuchora maeneo ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko. Wengi walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi; mimi nilikwenda siku zangu za mapumziko. Bonde la Msimbazi tulipita na mjumbe, nyumba kwa nyumba, tukiuliza: maji yalifika wapi? Hakuna aliyetujibu kwa sentimita. Mama mmoja alijishika kiunoni. Mzee mmoja wa Kigogo alituingiza sebuleni akatuonyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Ni maji ya Desemba 2011, akasema, na ukuta hajaupaka rangi makusudi, ili akija mtu wa serikali aone. Tuliweka futi, tukasoma, tukaandika. Siku ile nilielewa uhakiki wa taarifa kuliko semina zote nilizowahi kulipiwa.

Sasa sikilizeni nilivyolipwa. Kwenye kikao cha ofisi niliyokuwapo wakati huo, mwenzangu alitaja kwa nia njema kwamba nachora ramani. Bosi akasema, "Mwenye muda wa kuchora nyumba za watu, basi kazi aliyonayo hapa haimtoshi." Watu wakacheka. Hesabu zangu za mwezi nilikuwa nimeshazifunga kabla ya wote waliocheka. Imepita miaka na bado inaniuma, siwafichi.

Ya katikati niyaruke. Mwezi uliopita, kwenye usaili wa nafasi ya ukaguzi wa ndani, niliulizwa nimewahi kufanya nini pale ambapo taarifa hazina karatasi ya kuzithibitisha. Nikawasimulia ukuta wa Kigogo. Mwenyekiti wa jopo akaweka kalamu chini, akaanza kuniuliza moja baada ya jingine: mliwapataje wenyeji, mlihakiki vipi, nani alisahihisha. Nafasi nimeipata, na ninajivunia namna nilivyoipata.

Kwa hiyo, mdogo wangu, taja. Lakini taja kazi yenyewe, cheo kiache. Kuandika "mpenda maendeleo ya jamii" hakumwambii mtu chochote. Andika unafundisha nini, darasa la ngapi, siku gani, na watoto wameanza kuweza nini ambacho hawakukiweza. Mwambie bosi mwenyewe, mapema, asisikie kwa watu. Mkataba wako usome kama kuna kipengele kinachohusu shughuli za nje, na saa za mwajiri usiziguse hata kidogo, wala mashine yake ya kutolea nakala. Picha za watoto usizirushe kwenye status ya WhatsApp bila ruhusa ya wazazi wao. Umasikini wa mtu si pambo la ukurasa wako.

Najua wapo watakaosema mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Hayo ni ya sadaka, na kwenye sadaka nayakubali kabisa. Kazi ya mtaa inataka watu wengi, na watu hawaji wasipoitwa. Tandale, hapohapo Dar es Salaam, ilichorwa 2011, miaka minne kabla ya Ramani Huria, na wakazi wenyewe pamoja na wanafunzi wa Ardhi. Wangeiweka kabatini kwa unyenyekevu, nani angejua kwamba inawezekana? Tunalalamika kila masika kwamba mitaro imeziba na vijana hawajitumi, halafu anayejituma tunamfundisha aone haya. Tuache tabia hiyo. Mwenye ujuzi na Jumamosi yake aseme wazi anafanya nini, ili aliye jirani naye ajue pa kuanzia.

Ofisini kwangu mpya nimesema siku ya kwanza. Kijana wa stoo ameshaniomba nimfundishe kuchora, na tumekubaliana tuanze tukishafunga hesabu za mwezi huu.