Dogo wa ECA anayetaka kazi ya fedha: nilivyoteleza mimi

Mkuu, umesema mdogo wako kamaliza kidato cha sita ECA (uchumi, biashara na uhasibu), mko Moshi, anataka kazi ya fedha na ameng'ang'ania IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar. Mzee wenu anamtaka MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika hapo Moshi, alale nyumbani na ale nyumbani. Wewe unauliza benki wanapenda watu wa chuo gani. Mimi niko benki hapa Arusha mwaka wa tisa, idara ya mikopo, wacha niseme yaliyonikuta.

Kwanza mbaneni dogo aseme hiyo kazi ya fedha ni ipi. Mimi nilijaza shahada yenye neno benki kwa sababu nilitaka benki, basi, ndiyo akili niliyokuwa nayo. Namaliza, naanza kuifukuzia CPA, ile sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, nakuta wenzangu waliosoma uhasibu NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa mitihani hiyo, inawaanzishia hatua ya kati, mimi naambiwa nianzie chini. Mitihani ni Mei na Novemba, na huku kazini mwisho wa mwezi hakuna anayejali kwamba una karatasi wiki ijayo. Miaka miwili hivi iliniondoka hapo. Shahada ya benki na fedha siyo mbaya, ila aulize NBAA mapema, kwa shahada anayotaka kujaza, ataanzia hatua gani. Simu moja tu.

Akikwambia anataka hisa, hatifungani (hati za serikali au kampuni kukopa kwa watu), mifuko ya uwekezaji, hapo dogo ana hoja na mzee amsikilize. Soko la Hisa liko Dar, UTT AMIS wanaoendesha mifuko ya uwekezaji wako Dar, makao makuu ya benki za CRDB, NMB na NBC yako Dar, na IFM yenyewe iko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji. Mwanafunzi anatoka darasani na bahasha yake anaenda kuomba fildi (mafunzo kazini) kwa miguu. Huku kwetu ni matawi. Tawi linapokea amana, linakopesha na kudai. Mambo ya kununua hatifungani yanafanyika makao makuu.

Ila kama ni uhasibu, ukaguzi, mikopo, sioni sababu ya kuikimbia Kaskazini. IAA, Chuo cha Uhasibu Arusha, iko hapa Njiro miaka mingi sasa. MoCU watu wanaidharau kwa sababu ya neno ushirika, wakati ilianza kama Chuo cha Ushirika 1963 na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili, na uhasibu na fedha vinafundishwa pale. Tena mji umejaa vyama vya kahawa na SACCOS, vyama vya kuweka na kukopa. Hilo la SACCOS lisimpite hivi hivi, maana mimi ndilo lililonitoa.

Fildi ya mwaka wa pili nilikosa benki, nikaangukia SACCOS moja ndogo ya wakulima pande za Moshi vijijini. Niliona aibu hata kuwaambia wenzangu. Wiki ya kwanza nikapewa kulinganisha daftari la SACCOS la hela zilizoko benki na taarifa iliyotoka benki yenyewe. Tofauti shilingi 270,000. Nimekaa nayo siku mbili, natiki risiti moja moja, macho yamekuwa mekundu. Mama mhasibu akapita na kikombe chake cha chai, akauliza, "Inagawanyika kwa tisa?" Nikagawanya, ikatoka 30,000 kamili. "Basi kuna mtu kageuza tarakimu, mwanangu. Tafuta." Nikaikuta: marejesho ya 630,000 yameandikwa 360,000. Darasani sikuwahi kuambiwa hilo.

Na ile aibu ndiyo iliyojibu usaili wa benki. Hakuna aliyeniuliza sifa za chuo changu. Waliniwekea hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, wakasema mwenye duka anaomba mkopo, utampa? Faida ilionekana nzuri tu. Nikakumbuka wanachama wa SACCOS waliokuwa na kahawa ghalani na hawana ada ya mtoto, nikaenda moja kwa moja kwenye wadaiwa, yaani wateja waliochukua mali bila kulipa. Nusu ya mauzo yalikuwa bado mikononi mwa mafundi. Faida ipo, hela haipo. Nikasema simpi mpaka nione anavyokusanya madeni. Waliangaliana, wakafunga faili.

Kwa hiyo chuo chochote mtakachokitembelea, msiishie ofisi ya udahili, pale kila kitu kitamu. Kaeni na wa mwaka wa tatu kwenye kibanda cha chipsi, muwaulize fildi walifanyia wapi, na kama walipewa kazi au walikuwa wanatumwa fotokopi. Majibu yao yatawatosha.

Gharama sirefushi. Bumu, hela ya mkopo wa mwanafunzi, likichelewa Dar, gheto na nauli vinamsubiri. Likichelewa Moshi, anakula ndizi za mama. Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu, kwa hiyo asijaze namba ya mjomba.

Halafu mkuu, hujasema BAM, ile hesabu ya msingi ya kidato cha sita, alipata nini. Mwaka wa kwanza chuoni takwimu zilinipa supu (mtihani wa marudio), na ECA yangu ilikuwa safi. Weka matokeo yake hapa tuyaangalie.